Shajara ya mradi: likizo ya Juni kutoka Dar es Salaam hadi Singapore, Malaysia na Bangkok

11 Januari 2025: Lengo na mipaka

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya familia itakayotaka kufuata njia hii ikiwa na pasipoti za Tanzania, watoto wa shule na mfuko wenye kikomo. Wasafiri ni wanne: mimi, mume wangu na watoto wetu wawili walio shule ya msingi. Tunataka kuona miji mikubwa ya Kusini-Mashariki mwa Asia, kisha tupumzike kwenye fukwe ambazo watoto wanaweza kuogelea bila hofu. Muda wetu ni likizo ya katikati ya mwaka, kuanzia Juni hadi siku za mwanzo za Julai, na kikomo cha matumizi ni shilingi milioni 22, nauli zote zikiwamo.

Miongozo mingi tuliyoisoma imeandikwa kwa mtu anayetoka Ulaya au Marekani, ambaye viza haimsumbui na ambaye husafiri Desemba kukimbia baridi. Kwetu sisi mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua karibu kila kitu, na ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa. Kupanga mavazi, kuchagua mabegi na mengine ya aina hiyo nitayapita haraka.

26 Januari 2025: Mpango wa kwanza umevunjwa na upepo

Mpango wa kwanza ulikuwa Bangkok, kisha kisiwa cha Phuket, kisha visiwa vya Similan, vyote vya Thailand, vilivyoko kwenye Bahari ya Andaman. Picha zilizotuvutia zilikuwa za huko, na bei za hoteli za Phuket kwa mwezi Juni zilikuwa chini kiasi cha kushangaza. Ushushaji huo wa bei una sababu. Visiwa vya Similan ni hifadhi ya taifa, nayo hufungwa kila mwaka kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba kwa sababu ya mawimbi na ili matumbawe yapumzike. Katika kipindi hicho hicho fukwe za magharibi mwa Phuket hupandishwa bendera nyekundu mara kwa mara, kwa maana ya kwamba hakuna ruhusa ya kuingia majini, na kila mwaka kuna watalii wanaokufa maji kwa kuzipuuza bendera hizo.

Mtu wa pwani yetu ataielewa hali hii haraka akielezwa kwa lugha ya pepo. Kusi inayovuma kwetu kuanzia Aprili haiishii Somalia. Ikishavuka ikweta, mzunguko wa dunia huipinda kuelekea kulia, nayo huwa upepo wa kusini-magharibi unaofagia kaskazini ya Bahari ya Hindi ukibeba unyevu, ukaipiga India, kisha ukaishukia pwani ya Andaman. Kwa hiyo miezi ya kusi kwetu ni miezi ya mvua na bahari chafu Phuket, Krabi na, kwa kiasi fulani, kisiwa cha Malaysia cha Langkawi. Kaskazi nayo ni ndugu wa upepo wa kaskazini-mashariki ambao, kuanzia Novemba hadi Februari au Machi, hunyesha upande wa pili, wa mashariki, wa rasi ya Malay: majimbo ya Malaysia ya Kelantan na Terengganu, na kisiwa cha Thailand cha Ko Samui. Mafuriko makubwa ya Kelantan ya Desemba 2014 yalikuwa ya msimu huo.

Baada ya kuelewa hilo tulichora jedwali kwenye daftari: pwani upande wa kushoto, miezi juu, na alama katika kila mwezi ambao bahari huwa tulivu. Kwa Juni na Julai zilibaki pwani chache zenye alama, nazo ni mashariki ya rasi ya Malaysia, Ko Samui na visiwa jirani vya Ghuba ya Thailand, Da Nang nchini Vietnam, na Bali. Ninaamini jedwali hili ndilo linalopaswa kutangulia hatua nyingine yoyote, kabla mtu hajafungua ukurasa wa nauli, kwa sababu nauli nafuu ya kwenda kwenye bahari iliyofungwa haina faida kwa mtu yeyote.

15 Februari 2025: Viza yachagua ufukwe

Kati ya pwani zilizobaki, tulizipanga upya kwa kuangalia masharti ya kuingia. Mwenye pasipoti ya Tanzania huingia Singapore na Malaysia kwa matembezi bila viza. Vietnam hutoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote tangu Agosti 2023, na ada yake ni dola 25 kwa kuingia mara moja. Thailand iliongeza idadi ya nchi zisizohitaji viza Julai 2024, lakini Tanzania haimo. Maombi yetu hufanyika kwa mfumo wa viza ya mtandaoni, ambao tangu 1 Januari 2025 unatumika katika balozi zake zote duniani, na kwa Watanzania yanashughulikiwa na ubalozi wake wa Nairobi.

Hapo ndipo Ko Samui ilipoondolewa. Kuweka mapumziko yote ya ufukweni katika nchi ambayo viza yake haijatoka ni kuiweka likizo nzima rehani. Zaidi ya hayo, uwanja wa ndege wa Samui ulijengwa na unamilikiwa na shirika la Bangkok Airways, na nauli za moja kwa moja kutoka Bangkok huwa juu. Anayetaka kuokoa fedha hulazimika kupita Surat Thani na kuvuka kwa feri.

Tulichagua visiwa vya Perhentian, vilivyoko Terengganu kwenye Bahari ya China Kusini. Vinaingilika bila viza, bahari yake ni tulivu kuanzia takribani Machi hadi Oktoba, na safu ya milima ya Titiwangsa iliyoko katikati ya rasi huzuia sehemu kubwa ya mvua za kusini-magharibi zisifike huko. Bangkok imebaki kwenye mpango, ila imewekwa mwishoni, ili viza ikikataliwa tukose mji mmoja tu.

8 Machi 2025: Tiketi

Tulianza kwa kutafuta tiketi ya kuingilia Singapore na kutokea Bangkok, kwa kuwa inaepusha kurudi nyuma. Bei ilikuwa nzuri. Hata hivyo, fomu ya viza ya Thailand inadai tiketi na mahali pa kulala, huku mtu mwenye tahadhari hataki kulipia tiketi ya kutokea nchi ambayo bado haijamruhusu kuingia. Wakala mmoja alitushauri tutengeneze tiketi ya muda ya kuonyesha tu, tukakataa, kwa sababu hati ya aina hiyo ikichunguzwa inaweza kuharibu maombi ya familia nzima.

Suluhisho lilikuwa kuingilia Singapore na kutokea Kuala Lumpur, kisha kuifanya Bangkok kuwa safari fupi ya kwenda na kurudi kutoka Kuala Lumpur kwa ndege ya bei nafuu, mwendo wa kama saa mbili. Tiketi hiyo fupi ikipotea, hasara yake inavumilika. Tiketi kuu nne kupitia Addis Ababa zimetugharimu takribani shilingi milioni 10.6. Njia za Doha na Dubai zilikuwa na bei ya karibu, ila muda wa kusubiri ndege ya pili ulikuwa mrefu zaidi kwa tarehe zetu.

Tarehe zilipangwa kuanzia 14 Juni kwa makusudi. Eid el-Hajj imetarajiwa wiki ya kwanza ya Juni, na kwa Malaysia hiyo ni wiki ambayo watu wengi wanarudi makwao, kwa hiyo treni, mabasi na ndege za kwenda Kelantan hujaa na bei hupanda.

29 Machi 2025: Pasipoti na kadi ya njano

Singapore, Malaysia na Thailand zote hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Pasipoti ya mtoto wetu mdogo ingeisha Oktoba, kwa hiyo tuliomba mpya kwa shilingi 150,000. Aangalie kila mmoja tarehe hizi kabla ya kulipia tiketi, kwa kuwa namba ya pasipoti ikibadilika itabidi ibadilishwe pia kwenye kila hati iliyokwisha kujazwa.

Kadi ya njano ilituchukulia muda zaidi ya pasipoti. Kadi hiyo ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na Thailand inakidai kwa wanaotoka Tanzania tangu kwenye maombi ya viza. Ukurasa wa chanjo ndani ya kadi hiyo una safu zake: jina la chanjo, tarehe, saini ya mtaalamu, mtengenezaji na namba ya toleo, muda wa uhalali, na mwisho muhuri wa kituo. Kadi ya mtoto mkubwa ilikuwa na kila kitu isipokuwa muhuri. Safu ile ya mwisho ilikuwa nyeupe, na kadi isiyo na muhuri si halali. Kituo kilichotoa chanjo kilitaka tuchanje upya. Tuliomba kitabu cha kumbukumbu kifunguliwe, jina na namba ya toleo vikaonekana, na muhuri ukapigwa bila malipo mengine. Kagua kadi ukiwa bado dirishani, kwa maana baada ya miaka kadhaa huenda kitabu hicho hakipo tena.

Kadi ya mume wangu ilitolewa 2013 na imeandikwa kwamba uhalali wake uliisha 2023. Haihitaji chanjo nyingine. Tangu 11 Julai 2016, kwa mabadiliko ya kanuni za afya za kimataifa, cheti cha homa ya manjano ni halali kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kile kilichotolewa kabla ya mabadiliko hayo na kuandikwa kuwa ni cha miaka 10. Tumechapisha tamko la Shirika la Afya Duniani linaloeleza hivyo na kulibana pamoja na kadi yake. Anayechanja kwa mara ya kwanza akumbuke kwamba cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano.

19 Aprili 2025: Njia ya nchi kavu, na sababu ya kuiacha George Town

Njia iliyokuwa imeandikwa kwenye daftari ilikuwa Singapore, Kuala Lumpur, George Town kwenye kisiwa cha Penang, kisha Perhentian, kisha treni ya kwenda Bangkok. Sehemu mbili za njia hiyo hazikusimama.

Kwanza, George Town iko magharibi ya rasi na Perhentian iko mashariki, na kati yake kuna milima. Barabara inayopita Gerik na Jeli ni nzuri, ila humaliza sehemu kubwa ya siku, na watoto wangefika kisiwani wakiwa wamechoka. Kwenye ramani umbali unaonekana mfupi kwa sababu ramani haionyeshi kupanda na kushuka. Badala yake tumeiweka Melaka, mji ulioandikishwa na UNESCO pamoja na George Town mwaka 2008 katika urithi mmoja, nao uko njiani kati ya Singapore na Kuala Lumpur. Kwa Mswahili Melaka ina mvuto wa pekee. Wareno walioishambulia Kilwa mwaka 1505 ndio walioiteka Melaka mwaka 1511, na lango la ngome yao bado limesimama. Aliyewapeleka watoto wake Ngome ya Yesu, Mombasa, ana la kuwasimulia pale.

Pili, kutoka Kota Bharu, mji mkuu wa Kelantan, mpaka wa Thailand uko karibu sana, na ng'ambo yake, Sungai Kolok, huanzia treni inayokwenda hadi Bangkok. Nauli yake ni ndogo na mandhari yanasifiwa. Lakini reli hiyo inakatiza Narathiwat na Yala, mikoa ambayo imekuwa na mapigano kati ya serikali na waasi tangu 2004, na bima yetu ya safari haigusi madai yanayotokea katika maeneo ambayo serikali zinawaonya raia wake wasiende. Tumeiacha bila majadiliano marefu. Tutarudi Kota Bharu, turuke hadi Kuala Lumpur, kisha Bangkok.

Kalenda ya wiki nayo inahitaji kuangaliwa. Kelantan na Terengganu hupumzika Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo boti za visiwani hujaa kuanzia Alhamisi jioni. Johor, jimbo linalopakana na Singapore, lilikuwa na utaratibu huo pia hadi 1 Januari 2025, liliporudia Jumamosi na Jumapili, na miongozo ya zamani bado haijarekebishwa. Daraja kati ya Singapore na Johor Bahru husongamana sana mwisho wa wiki. Tumepanga kulivuka Alhamisi asubuhi, tukafika Melaka kabla ya soko la usiku la Jonker Street, linaloanza Ijumaa, na kuvuka kwenda Perhentian siku ya Jumanne.

10 Mei 2025: Viza imetoka, na utaratibu mpya umeingia

Viza za Thailand zimetoka. Tuliambatisha taarifa za benki, barua za waajiri, tiketi zilizolipwa na hoteli inayoruhusu kufuta bila gharama. Maombi yalirudishwa mara ya kwanza kwa sababu picha ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto haikusomeka. Tuliichukua upya kwa skana ya dukani badala ya simu, na ikakubaliwa.

Tangu 1 Mei Thailand inamtaka kila mgeni ajaze kadi ya kidijitali ya kuwasili ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Singapore na Malaysia zina kadi za namna hiyo hiyo. Zote tatu ni za bure, lakini kuna tovuti za watu binafsi zinazofanana na zile za serikali na kutoza fedha kwa huduma hiyo, na huwa zinatokea juu kabisa mtu anapotafuta. Kwa njia yetu kuna jambo jingine: kadi ya Malaysia hujazwa kwa kila kuingia, na sisi tunaingia mara mbili, kutoka Singapore na kisha kutoka Bangkok. Nimeandika tarehe ya kila kadi kwenye kalenda ya simu.

Gharama zilizojificha pia zimeingizwa kwenye hesabu leo. Malaysia hutoza wageni kodi ya utalii ya ringgit 10 kwa chumba kwa usiku mmoja, nayo hulipwa mapokezi hata kama hoteli ilishalipiwa. Singapore bei nyingi za hoteli na mikahawa zina alama mbili za kujumlisha, kumaanisha kwamba itaongezwa asilimia 10 ya huduma na kodi ya asilimia 9. Thailand mashine za benki hukata baht 220 au zaidi kwa kila mara unapotoa fedha kwa kadi ya nje, kwa hiyo ni bora kutoa kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja. Kwa makisio tunatumia shilingi 2,050 kwa dola ya Singapore, 620 kwa ringgit na 80 kwa baht.

16 Juni 2025, Singapore: Tumefika

Tumefika salama. Vita kati ya Israeli na Iran ilianza 13 Juni, siku moja kabla ya kuondoka kwetu, na anga ya nchi kadhaa za Mashariki ya Kati ikafungwa. Njia ya Addis Ababa haikuguswa.

Singapore ndiyo sehemu ghali kuliko zote kwa malazi, kwa hiyo tulipunguza siku za kulala hapa zaidi ya kwingine na kuchagua chumba kidogo karibu na Little India. Chakula hakitishi kama tulivyohofia. Kwenye vituo vya wachuuzi, ambavyo utamaduni wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2020, sahani ya wali na kuku hupatikana kwa takribani dola 5 hadi 7 za huko. Vibanda vyenye cheti cha halali huonyesha alama yake waziwazi, na mtaa wa Kampong Glam, penye Msikiti wa Sultan, una chaguo nyingi. Treni za mjini hupokea kadi ya benki ya kugusa, ila tulipaswa kuiomba benki yetu ifungue matumizi ya nje kabla ya kuondoka. Maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa, na chupa nne tulizobeba zimetuokolea fedha nyingi katika joto hili.

26 Juni 2025, Perhentian Kecil: Ufukwe

Melaka na Kuala Lumpur zilikwenda kama zilivyopangwa, isipokuwa jambo moja la mpakani. Basi husimama mara mbili, upande wa Singapore na upande wa Malaysia, na kila mara abiria hushuka. Upande wa Malaysia lazima ushuke na mizigo yako yote, kwa sababu dereva anaweza kuondoka bila wewe foleni ikiwa ndefu, na basi jingine la kampuni hiyo likakuchukua baadaye. Funga mizigo kwa kuzingatia kwamba utaibeba mwenyewe kwenye ngazi huku ukiwa na mtoto mkononi.

Kutoka Kota Bharu tulichukua teksi hadi Kuala Besut, kama saa moja. Gatini malipo ni ya aina mbili: tiketi ya boti, na ada ya hifadhi ya bahari ambayo kwa mgeni ni ringgit 30 kwa mtu mzima na 15 kwa mtoto. Tulilipa vyote kwa fedha taslimu. Boti ni ya mwendokasi, fupi, yenye injini mbili nyuma, na nahodha alitupanga mwenyewe: mizigo chini ya turubai mbele, wazee na watoto nyuma ambako kishindo cha mawimbi ni kidogo, kila mmoja akiwa amefungwa jaketi la kuokolea kabla kamba haijafunguliwa. Mwanamke mmoja aliyetaka kukaa mbele apate picha alihamishwa bila kusikilizwa. Tulipotoka kwenye mlango wa mto nikaona sababu, kwa maana sehemu ya mbele ilinyanyuka na kupiga maji kwa nguvu mfululizo hadi kisiwa kilipotukinga. Kuvuka huchukua kati ya nusu saa na dakika 45. Kwenye fukwe zisizo na gati, boti hiyo haifiki mchangani, na boti ndogo huja kukupokea kwa ringgit chache zaidi. Weka noti ndogo mfukoni.

Kisiwani hakuna magari wala mashine ya kutolea fedha. Tulibeba ringgit za kutosha siku zote, na inafaa kuongeza kidogo juu ya makisio, kwa sababu hata safari za kutazama matumbawe hulipwa taslimu. Maji ni matulivu na maangavu, na watoto wamemwona kasa akila nyasi za baharini mahali ambapo mtu mzima husimama akafikiwa kifuani. Mvua imenyesha alasiri moja tu, ikapita. Chakula cha asubuhi cha huku, nasi dagang, ni wali uliopikwa kwa tui ukaliwa na mchuzi wa samaki jodari, na mtoto wetu mdogo, anayekataa kila kigeni, ameumaliza bila kubembelezwa kama anayekula wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa bibi yake Tanga.

Habari zimetufikia kwamba tarehe 23 anga ya Qatar ilifungwa kwa saa kadhaa baada ya shambulio la Iran kwenye kambi ya jeshi la Marekani ya Al Udeid, na ndege nyingi za Doha zikageuzwa. Hatukuchagua Addis Ababa kwa kuliona hilo mapema, lakini kwa anayepanga sasa ningemshauri aangalie pia njia isiyopita Ghuba hata kama ni ghali kidogo, na asome kwenye bima yake kama ucheleweshaji unaotokana na vita unalipwa. Ya kwetu haulipi.

9 Julai 2025: Bangkok, na hesabu ya mwisho

Ndege nafuu kutoka Kuala Lumpur hutumia kituo cha pili cha KLIA, uwanja mkuu wa ndege wa mji huo, na Bangkok hutua Don Mueang, uwanja wa zamani ulioko kaskazini ya mji. Mashirika makubwa hutumia Suvarnabhumi, mwendo wa takribani kilomita 45 kutoka hapo. Atakayeunganisha ndege mbili Bangkok asome jina la uwanja kwenye kila tiketi. Vilevile, treni nyingi za masafa marefu ziliondolewa kituo cha Hua Lamphong Januari 2023 na kuhamishiwa kituo kipya cha Krung Thep Aphiwat, ingawa ramani nyingi za watalii bado zinaonyesha kituo cha zamani.

Jirani yetu mwenye duka Kariakoo, ambaye hufuata nguo soko la Pratunam miaka yote, ndiye aliyetufundisha kuijua Bangkok kabla ya kufika. Alituelekeza tulale karibu na reli ya juu badala ya karibu na vivutio, kwa sababu foleni za barabarani humeza siku, na kwamba chakula cha halali kinapatikana bila shida katika mtaa wa Waarabu ulioko Sukhumvit 3/1. Alituonya pia kuhusu mtu mwenye adabu anayesimama karibu na Kasri Kuu na kusema kwamba leo pamefungwa, kisha akakuitia bajaji ya kukupeleka kwenye duka la vito. Mtu huyo alikuwapo. Tulimpita, tukaingia kwa baht 500 kwa mtu mzima, tukiwa tumefunika mabega na magoti kama inavyotakiwa. Kutoka hapo tulipanda boti ya mtoni yenye bendera ya machungwa, ambayo ndiyo usafiri wa bei nzuri kuliko wote kwa wenye kutaka kuuona mji kutoka Chao Phraya. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo ya nje tuliyafanya asubuhi.

Hesabu imefungwa hivi. Tiketi kuu ni shilingi milioni 10.6. Ndege za ndani ya eneo, yaani Kota Bharu na Bangkok, ni milioni 1.7. Malazi yote ni milioni 4.3, na karibu theluthi yake iliishia Singapore. Chakula, usafiri wa mijini, boti na viingilio ni milioni 3.4. Viza, pasipoti, chanjo na bima ni milioni 1.3. Jumla ni milioni 21.3. Ambaye atataka kupunguza, aanze kwa kuikata Singapore hadi usiku mmoja au aingilie Kuala Lumpur moja kwa moja. Kuiacha Bangkok kunaokoa ndege, viza na malazi kwa pamoja, ingawa kwa maoni yangu mji ule unastahili gharama yake.

Watakaosafiri likizo ya Desemba wasifuate njia hii ilivyo. Perhentian huwa imefungwa, boti zake hazivuki, na Ko Samui huwa inatoka kwenye mwezi wake wa mvua nyingi zaidi, Novemba. Miji ibaki kama ilivyo na ufukwe uhamishwe magharibi: Langkawi kwa asiyetaka viza, au Krabi na Similan kwa aliye nayo. Mwezi huo ndio msimu wa bei za juu kwenye pwani ya Andaman, kwa hiyo hoteli na ndege zitafutwe mapema, ikiwezekana tangu Julai.